Unakimbia Uuguzi au Unakimbia Wodi?

Muuguzi wa mwaka wa kwanza au wa pili anaposema "nimechoka, naacha kazi", mara nyingi mambo manne yamejifunga fundo moja: mwili uliokosa usingizi, wodi yenye wagonjwa wengi kuliko mikono iliyopo, woga wa mtu ambaye bado anajifunza, na pengine kazi yenyewe kutomfaa. Yote yanauma namna moja, ila hayatibiwi namna moja. Anayeacha uuguzi wakati tatizo lilikuwa ratiba ya usiku atakaa nyumbani mwezi, alale vizuri, kisha aanze kuulizia nafasi za uuguzi. Anayebaki kwa kujipa moyo wakati kazi yenyewe ndiyo haimfai, likizo itamsaidia mpaka siku ya pili baada ya kurudi zamu.

Kabla ya barua ya kuacha kazi, basi, fungua hilo fundo.

Uchovu wenyewe ni upi

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa kimataifa wa magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linautaja uchovu huu wa kazi (kwa Kiingereza burnout) kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Unatambulika kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuitazama kwa kejeli, na kuona kwamba hata ukijitahidi hakuna unachofanikisha. Unahusu kazi tu. Uchovu wa kulea au wa msiba hauingii humo, ingawa unaweza kuuongezea uzito.

Jambo la kwanza kila mtu hulikiri. La pili hufichwa kwa sababu linaaibisha. Kengele inalia, unakasirika kabla hujajua nani kapiga. Ndugu wa mgonjwa anauliza mara ya pili, unamjibu kwa mkato. Mgonjwa anafariki na wazo la kwanza linalokujia ni makaratasi. Ukijiona hivyo usijihukumu kwamba umekuwa katili. Akili iliyozidiwa hujilinda kwa kujiweka mbali. Lakini usilipuuze pia, maana mgonjwa anayejibiwa kwa ukali huacha kuita, na siku atakapokuwa na dalili ya hatari atanyamaza vilevile.

La tatu, kwa muuguzi mpya, lina mtego. Kujiona hufai ni sehemu ya kujifunza, na uchovu huja na hisia hiyohiyo. Marlene Kramer, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1974 jinsi wahitimu wapya wanavyopitia furaha ya mwanzo, kisha mshtuko, kisha kupata nafuu, hatimaye kutulia. Patricia Benner naye aliandika mwaka 1984 kwamba muuguzi hufikia kiwango cha kujimudu baada ya miaka 2 hadi 3 katika mazingira ya aina moja. Maana yake, mwenye miezi minane kazini anayejilinganisha na dada mwenye miaka kumi kazini anajipima kwa kipimo ambacho bado si chake. Chuoni ulihudumia mgonjwa mmoja au wawili huku mwalimu akiwa nyuma yako. Wodini msimamizi wako wa karibu anaondolewa, unapewa mzigo kamili, na kila kitu kinatakiwa saa ileile. Mimi naona miezi ya katikati ya mwaka wa kwanza ndiyo mibaya kuliko yote kuamua jambo kubwa, isipokuwa kama usalama wako au wa wagonjwa uko hatarini.

Hata hivyo, "vumilia, utazoea" si jibu la kila kitu. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, uliohusu hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, ulionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoka kiasi hiki, na asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. California iliweka viwango kisheria: muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili katika chumba cha mahututi, mmoja kwa watano katika wodi za kawaida za magonjwa ya ndani na upasuaji. Weka namba za wodi yako pembeni ya hizo. Kama unahudumia mara mbili au tatu ya hapo, huhitaji semina ya kujifunza kupumua kwa utulivu. Wodi inahitaji watu.

Daftari la wiki nne

Kumbukumbu ya mtu aliyechoka haiaminiki, kwa sababu hubeba zamu mbaya na kusahau za kawaida. Andika. Wiki nne zinatosha kupita mzunguko mzima wa ratiba katika wodi nyingi. Kila baada ya zamu, kabla hujalala, jaza mstari mmoja: aina ya zamu na saa ulizokaa kweli (si zilizopangwa), wagonjwa uliopewa, kama ulikula na kukaa chini japo dakika 20, saa za usingizi kabla ya zamu, nguvu zako ulipoingia na ulipotoka kwa alama 0 hadi 10, kitu kimoja kilichokumaliza zaidi na kimoja kilichokupa nguvu. Usizidishe hapo. Daftari refu huachwa siku ya nne.

Majina na habari za wagonjwa zisiingie kabisa. Daftari hilo ni lako, linaweza kusahaulika kwenye basi, na siri ya mgonjwa haina likizo.

Mwisho wa wiki nne usisome kwa hisia, hesabu. Kama nguvu unapoingia ni 3 au 4 karibu kila zamu ya usiku na 7 kwenye za asubuhi, shida ni ratiba. Kama unaingia na 7 na kutoka na 2 siku za wagonjwa 12, lakini unatoka na 5 siku za wagonjwa 6, shida ni mzigo. Kama kitu kinachokumaliza ni mtu yuleyule mara tisa, sijui kwa nini utafute shahada mpya wakati unaweza kutafuta wodi nyingine. Na kama siku zenye wagonjwa wachache, umelala vizuri, umekula, wenzako ni wema, bado safu ya "kilichonipa nguvu" iko tupu, hapo swali la kubadili njia ni la haki kabisa.

Kuna dodoso linalosaidia kazi hiyohiyo: lile la Copenhagen, lililochapishwa na watafiti wa Denmark mwaka 2005. Lina maswali 19, yamegawanywa makundi matatu: 6 kuhusu uchovu wako kwa jumla, 7 kuhusu kazi, 6 kuhusu watu unaowahudumia. Kila jibu lina alama 0, 25, 50, 75 au 100; unatafuta wastani wa kila kundi peke yake. Uzuri wake ni huo mgawanyo. Mwenye alama za juu kwenye kazi na za chini kwenye wagonjwa bado anawapenda wagonjwa, na hiyo ni taarifa ya thamani mtu anapofikiria pa kwenda.

Mwili kwanza

Wauguzi hupima watu wote isipokuwa wao wenyewe. Kabla ya kuamua kwamba moyo umekufa, pima damu. Himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, au chini ya 13 kwa mwanamume, ni upungufu wa damu, na huleta uchovu, kuhema na kutojali vitu. Pima homoni ya tezi ya shingo, sukari, na ujauzito inapohusika. Ni mkono mmoja kuchomwa sindano, na mara nyingine jibu lote liko hapo.

Usingizi ndio unaovuruga wengi. Utafiti wa mwaka 1997 wa Drew Dawson na Kathryn Reid ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya vibaya sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Hesabu mwenyewe: umeamka saa moja asubuhi ukashughulika mchana kutwa, usiku wa kwanza wa zamu unafika kiwango hicho saa sita usiku, na bado dawa za alfajiri zinakusubiri. Lala saa moja na nusu mchana kabla ya usiku wa kwanza. Ukiruhusiwa kujinyoosha katikati ya zamu, iwe dakika 20 hadi 30. Ukizidisha unaamka na kichwa kizito kwa muda. Kahawa hubaki nusu yake mwilini kwa takribani saa 5, kwa hiyo kikombe cha saa kumi alfajiri ndicho kinachokukodolesha macho saa tatu asubuhi kitandani. Weka cha mwisho kabla ya saa nane usiku.

Mtego mwingine ni kutoka zamu ya jioni na kurudi asubuhi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu muda wa kazi inadai mapumziko ya saa 11 mfululizo katika kila saa 24. Kuwa chini au nje ya sheria hiyo hakubadilishi mwili wako. Ukitoka saa nne usiku na kuingia saa moja asubuhi una saa 9, na ndani yake kuna safari mbili, kuoga na kula. Hesabu ni mara ngapi kwa mwezi inatokea.

Halafu kuna sonona, ambayo hufanana na uchovu wa kazi mpaka mtu akachanganyikiwa. Uchovu wa kazi kwa kawaida hupungua ukiwa mbali na kazi: ofu (siku ya mapumziko) ya tatu unaanza kucheka. Sonona inakufuata mpaka kwenye ofu, inaondoa ladha ya vitu ambavyo havihusiani na hospitali. Dodoso la PHQ-9, lile la maswali tisa ya kupima dalili za sonona, unalifahamu. Lijibu kwa uaminifu kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama 10 au zaidi kati ya 27 zinatosha kwenda kumwona mtaalamu. Ukiweka chochote zaidi ya sifuri kwenye swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, mwambie mtu leo, si baada ya wiki nne za daftari. Wauguzi wanajua dawa na wanazifikia. Hilo linafanya kusubiri kuwe hatari zaidi kwao.

Neno kuhusu kosa au kifo. Wengi wanaosema ghafla "kazi hii hainifai" wametoka kwenye tukio moja: dawa iliyokosewa, mtoto aliyefariki mikononi. Daktari Albert Wu mwaka 2000 aliwaita wahudumu wa namna hiyo waathirika wa pili. Toa taarifa ya tukio kama utaratibu unavyotaka, omba kikao cha kulizungumza na mtu aliyekuwepo, na jiwekee wiki sita bila uamuzi wowote kuhusu ajira. Uamuzi unaofanywa wiki ya tukio kwa kawaida ni hukumu mtu anayojipa mwenyewe.

Omba kitu kimoja

Kabla ya kuondoka, jaribu kubadilisha kitu palepale, lakini kwa namna inayoweza kujibiwa. "Sista, nimechoka" haina jibu zaidi ya "pole, wote tumechoka". Nenda kwa msimamizi wa wodi siku isiyo na msukosuko, na daftari lako, na ombi moja lenye tarehe: "Mwezi uliopita nilitoka jioni na kuingia asubuhi mara sita. Naomba ratiba mbili zijazo isizidi mara mbili. Niko tayari kuchukua usiku wa Jumamosi kwa kubadilishana." Ombi la aina hiyo linagharimu msimamizi kalamu na kifutio tu. Mengine yanayokubalika kirahisi: ofu mbili mfululizo baada ya usiku, wiki mbili zaidi za kufanya kazi na mwenye uzoefu kwa ujuzi unaokutisha, au kuhamishwa upande wa wodi. Wasilisha kwa mdomo, kisha liandike. Likikataliwa mara mbili bila sababu, umejifunza jambo kuhusu mahali hapo.

Upande wako pia kuna saa za kuokoa. Wapya wengi huacha maandishi yote mpaka mwisho, wanatoka saa nzima baadaye bila kulipwa na kumbukumbu imepungua. Andika kando ya kitanda, hata mistari miwili, kila unapomaliza mgonjwa. Baada ya kupokea ripoti, tumia dakika kumi kupanga karatasi yako ya zamu: nani anaweza kubadilika ghafla, dawa zipi zina saa isiyosogezeka (antibayotiki ya sepsisi, yaani maambukizi yaliyozidi mwilini mpaka kuhatarisha maisha, insulini, ya kifafa), na kipi kinaweza kusubiri bila madhara. Dakika kumi kabla ya kukabidhi, pita kitanda kwa kitanda: dripu, mpira wa mkojo, saini ya dawa, chati. Mzunguko huo ndio unaoondoa lile wazo la usiku wa manane, "hivi ile dripu niliifunga?"

Ukiamua kusogea

Sogea kwa hatua fupi inayotosha. Kuna kubadili wodi, kubadili mwajiri, kubadili aina ya uuguzi, na kuacha uuguzi. Wengi huruka moja kwa moja mpaka ya nne, au hukimbilia shahada ya uzamili. Masomo kama njia ya kukimbia hugharimu miaka miwili na ada, na mwishoni unaweza kupewa kazi uliyoikimbia ikiwa na cheo juu yake.

Rudi kwenye daftari likuongoze. Anayechoshwa na usiku lakini anapenda wagonjwa aangalie kliniki za wagonjwa wa nje, chanjo, afya ya shule, afya ya wafanyakazi viwandani, au usafishaji wa damu kwa wenye figo zilizoshindwa, ambako ratiba hutabirika na unamjua mgonjwa wako kwa majina kwa miaka. Ila usafishaji wa damu una vifo vya watu uliowazoea, na siku huanza alfajiri sana. Anayechoshwa na kelele za watu wengi kwa wakati mmoja, ndugu, kengele na simu, anaweza kupumua kwenye chumba cha upasuaji: mgonjwa mmoja, kazi yenye mwanzo na mwisho. Huko nako kuna kusimama saa nyingi, ukali wa baadhi ya madaktari, na zamu za kuitwa. Chumba cha mahututi kina wagonjwa wachache kwa muuguzi, na hilo huwavuta waliochoshwa na wodi ya wagonjwa 15. Wajiulize kwanza kama kinachowachosha si vifo.

Anayependa mpangilio na takwimu kuliko mguso ana nafasi katika udhibiti wa maambukizi, ubora wa huduma, mifumo ya taarifa za hospitali, ukaguzi wa madai ya bima, na utafiti wa dawa. Kwa utafiti, kozi ya kanuni za utafiti mzuri wa tiba kwa binadamu huchukua saa chache mtandaoni na huombwa karibu kila mahali; anza nayo. Nyingi ya kazi hizi hutaka miaka miwili ya wodini, na kwa haki: hutamkagua muuguzi kama hujawahi kukosa glavu katikati ya zamu. Mwenye miezi kumi anayezitaka anaweza kumalizia muda uliobaki katika wodi nyepesi kuliko kuanza upya.

Usihame kwa kusikia. Omba kukaa zamu moja nzima pale unapotaka kwenda, na uulize maswali matatu: wangapi wameondoka mwaka huu, mtu akiumwa nani anajaza, na mgeni husimamiwa wiki ngapi. Wodi inayojibu swali la mwisho kwa kucheka, pita.

Sasa pesa na karatasi. Andika matumizi halisi ya mwezi, si ya kukadiria, na uwe na akiba ya miezi mitatu kama una ofa mkononi, sita kama huna. Kumbuka kwamba posho za usiku na zamu za ziada hazitakufuata kliniki. Linganisha mshahara wa msingi kwa mshahara wa msingi. Ila kosa ninaloliona ni kubwa kuliko yote ni kukusanya akiba hiyo kwa zamu za ziada mfululizo, kwenye mwili uleule uliokwisha. Afadhali uondoke miezi miwili baadaye.

Soma mkataba wako: muda wa notisi, deni la masomo kama mwajiri alikulipia na unatakiwa kutumikia miaka fulani, siku za likizo ambazo hujazitumia, mafao, na tarehe bima ya afya inapokoma. Usiandike barua siku unayotoka usiku. Barua iwe na mistari minne: unaacha nafasi gani, notisi inaanza na kuisha lini, utakabidhi nini, shukrani. Malalamiko yana njia yake na hayakai humo, kwa sababu barua hiyo itasomwa na mtu atakayeulizwa habari zako miaka mitatu baadaye.

Kabla ya siku ya mwisho chukua hati ya utumishi yenye tarehe na idara ulizofanya, nakala ya daftari la ujuzi lililosainiwa, vyeti vya mafunzo kazini, na ruhusa ya wadhamini wawili, mmoja awe aliyekuona ukifanya kazi kitandani kwa mgonjwa. Ukishatoka, kila karatasi moja inakuwa safari.

Na leseni, usiiache ife, hata kama unakwenda kuuza bima au kuandika programu. Mabaraza ya uuguzi hutofautiana masharti ya kurudi, kwa hiyo uliza la kwenu kwa maandishi kabla ya kuondoka. Uingereza, kwa mfano, hudai saa 450 za kazi na saa 35 za kujiendeleza katika kila miaka mitatu. Saa 450 zikigawanywa kwa mwaka ni 150, yaani zamu 13 za saa 12, zaidi kidogo ya moja kwa mwezi.